Serie ilimuua Tovar, kitabu kikamwacha hai, na shemeji yangu alikuwa ndani ya shimo

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo nimeamua kuandika kwa sababu nimeona nyuzi mbili tatu za watu wanaolalamika kwamba serie fulani "imeharibu kitabu". Nimewasoma, nimecheka kidogo, halafu nikaacha kucheka.

Nitakachosimulia ni kweli tupu. Kuna sehemu moja nitachelewa kuisema kwa sababu inaniaibisha, lakini nitaisema.

Niko Likasi, Kongo, upande wa Katanga. Kiswahili hiki mnachosoma nilikinyoosha Tunduma, nilikokaa miaka minne nikiuza vitenge. Nyumbani tunaongea kingine, mtakionja humu ndani. Nina duka dogo: nachaji simu, nauza vocha, na naweka filamu na serie kwenye flash za watu. Najua mwenye haki zake angenishtaki. Hiyo tuiache kwanza.

Jina la serie sitalitaja. Mashabiki wake nawajua, tutaishia kupigana na uzi utafungwa. Ni zile za ufalme, milima, mazimwi na malkia anayetiliwa sumu kila msimu na hafi. Imetokana na vitabu vitano vinene. Mimi vitabu vyote vitano ninavyo, kwa Kifaransa. Nilivinunua Kapolowe kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa anahama na hakutaka kubeba uzito. Nilivisoma vyote kabla serie haijafika hata mjini kwetu.

Sasa elewa raha ya mtu wa namna hiyo. Watu wanakodoa macho, wewe unajua. Wanashangaa nani kamsaliti nani, wewe unakunywa chai.

Aisee, ile raha ilikuja kunitokea puani.

Dada yangu mdogo, Odile, ni mwalimu wa shule ya msingi. Ameolewa na Kabeya. Tunaishi kiwanja kimoja, wao nyumba ya mbele, mimi ya nyuma. Kabeya ni creuseur, yaani anachimba madini kwa mikono, kwa timu, kwenye mashimo ya nje ya mji. Mtu mpole, mrefu, anayecheka hata kabla hujamaliza kichekesho.

Timu yao ni watu sita. Mkubwa wao wanamwita PDG, ndivyo wachimbaji wote huku wanavyomwita mwenye shimo. Jina lake Papa Mwape, yaani Baba Mwape. Mlokole kabisa, hashuki mtu shimoni bila maombi.

Na kila mmoja shimoni ana jina la kazi. Hiyo ni desturi ya zamani huku. Jina la nyumbani hulipeleki chini ya ardhi. Zamani walijiita majina ya wanamieleka na wacheza karate. Serie ilipoingia, timu nzima ikabadilisha. Mmoja akawa huyu, mwingine akawa yule. Papa Mwape mwenyewe akajiita Helvek, jenerali mwenye jicho moja.

Kabeya hakuwa na jina. Alikuwa amejiunga karibuni. Akaja dukani siku moja, akaegemea meza.

"Mulamu," akaniambia, ndivyo tunavyoitana shemeji na shemeji, "unipatie jina. Ya muntu muzuri."

Nikafikiri kidogo. Nikampa Tovar.

Tovar wakati huo alikuwa hajaonekana kwenye serie. Anaingia kitabu cha pili. Hana upanga, hana farasi, hana ukoo. Kazi yake ni kushuka chini ya mlima kwa kamba kuwatolea watu wake chumvi. Anashuka, anarudi. Anashuka, anarudi. Nikamweleza Kabeya hivyo, akafurahi sana. Akasema huyo ni creuseur kabisa, amezaliwa Likasi.

Hadi hapo ni utani mtupu.

Kisha Helvek akafa, msimu wa kwanza, karibu na mwisho. Nilikuwa nimewaambia wiki nzima kabla, "huyu hamalizi". Wakabisha. Akafa vilevile kama kitabuni, hadi mahali mkuki ulipoingilia.

Papa Mwape wiki ile hakushuka shimoni. Alisema hawezi kuingia ardhini na jina la mfu. Wakakaa siku moja, wakafanya matanga madogo ya jina: wimbo mmoja, sala moja, Fanta moja ikamwagwa chini, jina likazikwa. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya shimo lile. Mwenye jina lako akifa kwenye serie, husogelei shimo mpaka uzike jina. Na mtu mwenye jina la mfu lisilozikwa, hakuna anayeshika kamba yake. Walisema kifo kinapanda kwa kamba.

Mtacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nyie hamshuki metres ishirini chini ya ardhi kila asubuhi mkiwa na kamba ya nailoni na jina la Yesu. Mtu wa namna hiyo hachagui sana cha kushikilia.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada wakaanza kunijia. Serie inatoka wikendi, dereva mmoja ananiletea kutoka Lubumbashi Jumatatu, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ya kuuliza.

"Wiki hii nani?"

Nami nawaambia. Huyu. Wiki ijayo hakuna. Ile nyingine yule mwenye ndevu. Mwisho wa msimu wa kwanza na msimu wote wa pili sikukosea hata mara moja. Watu wakazika majina mapema, Jumapili hiyohiyo, Jumatatu wanashuka na jina jipya.

Niliwaambia mara mia kwamba nasoma kitabuni. Papa Mwape alinijibu kwamba hata Biblia ni kitabu.

Hapo hofu ya kwanza ikaanza, na haikutoka shimoni, ilitoka kanisani.

Odile alirudi siku moja kutoka mazoezi ya kwaya, hakuvua hata viatu. Akaniambia mama mmoja alimvuta pembeni akamuuliza, "Kaka yako iko naota? Juu ya nini anajuaka bantu benye batakufa?" Yaani naota ndoto, mbona nawajua watu watakaokufa.

"Si bantu," nikamwambia Odile. "Ni ya mu filme."

"Minye najua. Beko banasema bantu."

Wakuu, mtaani kwetu neno kama hilo halibaki dogo. Nimeona mzee amehama nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa sababu ya maneno ya uchawi yaliyoanzia kwenye foleni ya maji. Usiku nikawa nasikiliza mlango. Mchana mteja akiniangalia sana nauliza ana shida gani. Wiki iliyofuata pasta akahubiri juu ya wanaojua mambo ya kufa, na ingawa hakuangalia upande wangu, shingo yangu iliwaka moto.

Nikaamua kuacha kutabiri. Ila unaachaje? Ukinyamaza, wanasema anajua na anaficha.

Odile aliniuliza swali lake moja tu. Tulikuwa tunachambua maharage uani, Kabeya hayupo. Hakuniangalia.

"Yaya," akasema, ndivyo huku anavyoitwa kaka mkubwa, "ule Tovar. Anaishi mpaka ku mwisho?"

"Anaishi."

"Mu mabuku yote tano?"

"Yote."

Akaendelea kutoa mawe kwenye maharage. Nami nikaendelea.

Sasa tuje kwenye mada ya nyuzi zenu.

Serie na kitabu vinaanza pamoja halafu vinaachana kidogo kidogo. Msimu wa kwanza ni kitabu kabisa. Msimu wa pili wakaunganisha dada wawili wakawa mmoja. Nikasema sawa, ni mambo ya bajeti. Zimwi la kitabuni ni dogo na kipofu na linazungumza, wao wakalifanya kubwa kama jengo la ghorofa na bubu. Nikasema sawa, watu wanataka moto. Mfalme kitabuni anafikiri kurasa arobaini kabla ya kusema "hapana". Kwenye televisheni huwezi kumwonyesha mtu anafikiri kwa dakika arobaini, kwa hiyo akasema "ndiyo".

Na hapo ndipo hatari ilipo. Mfalme akisema "ndiyo" badala ya "hapana", jeshi linakwenda kusini badala ya kaskazini, na watu wanaotakiwa kuwa hai wanakuwa mahali pasipofaa. Mimi niliona hayo yote. Mimi niliyesoma, mimi mjuaji, niliona njia zinaachana na bado Jumapili ile walipokuja kuuliza, nilijibu kwa kitabu.

Ilikuwa msimu wa tatu, wiki ya nne.

"Wiki hii nani?"

"Hakuna muntu. Mushuke na amani."

Jumatatu dereva akanipa flash saa tano hivi. Mawingu yalikuwa mazito. Nikawa nanakili huku naangalia, kama kawaida yangu, sauti chini. Kwenye nusu saa ya mwisho Tovar akafunga kamba kiunoni, akaanza kushuka chini ya mlima.

Hiyo sehemu naijua kwa moyo. Kitabu cha tatu. Mlima unatikisika, wanaoshika kamba wanataka kukimbia, mzee mmoja anakaa chini, anafunga kamba mguuni mwake na kusema hatoki. Wengine wanaona aibu, wanarudi. Wanamvuta. Anatoka na chumvi mdomoni.

Kwenye serie mlima ukatikisika. Wanaoshika kamba wakaangaliana.

Wakaiachia.

Nilirudisha nyuma nikaangalia tena, nikidhani ni flash mbovu. Mara ya pili wakaiachia tena. Kisha muziki, kisha majina ya waigizaji.

Nje matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka kwenye bati.

Nilijiambia: tulia, ni filamu, hakuna anayejua, wataiona jioni ukiwa umeshamwambia Kabeya azike jina. Nikapiga simu yake ili nimwambie apande. Simu huwa wanaziacha juu. Akapokea mwenzao mmoja anayeitwa Depo.

"Kabeya iko wapi?"

"Iko mu shimo. Mulamu, tulisha kuona."

"Mumeona nini?"

"Video. Ku WhatsApp. Muntu wa Lubumbashi aliweka mu statut."

Mtu nisiyemjua, aliyekaa sebuleni kwake Lubumbashi, alikata dakika mbili za mwisho akazirusha ili kuwakera marafiki. Ndiyo spoiler yenu hiyo mnayoifanyia mzaha.

"Depo, bengine beko wapi?"

"Shiye bote tuko juu. Mvua iko nakuya. Ni yee peke njo anabakia."

"Basi mumutoshe, mumuvute juu."

Nilisikia mvua upande wake, kubwa kuliko ya kwangu.

"Hapana, mulamu. Hakuna mwenye atashika ile kamba."

Nilifunga duka sijui kwa funguo gani. Nilichukua kitabu cha tatu kutoka chini ya meza, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki. Msiniulize nilikuwa na mpango gani. Sikuwa na mpango. Nilishika kitabu kwa sababu ndicho kilichoniingiza humo.

Pikipiki ilinipeleka kama nusu saa. Ile njia ya udongo mwekundu ikilowa ni sabuni. Nilikuwa nasali Kiswahili, Kifaransa na lugha ya mama kwa zamu. Akilini nilimwona Odile darasani akiandika ubaoni, hajui. Nilijiuliza nitamwambiaje. Nilishaanza hata kupanga sentensi, na kuna sauti moja ndani yangu ikasema, ukishaipanga unakiita kifo chenyewe.

Nilifika, nikawakuta watano wamesimama chini ya turubai. Shimo lile pale, mdomo wake umezungushiwa magogo. Kamba iko chini kwenye tope, ncha moja imefungwa kwenye nguzo, nyingine imeingia shimoni. Hakuna mkono juu yake.

Mjue shimo lile lilivyo. Ukutani wamechonga vishimo vya kukanyaga. Siku kavu unapanda navyo huku wa juu wanakaza kamba kiunoni mwako. Mvua ikinyesha ule ukuta hausimamii mguu. Bila watu wa kamba hupandi.

Nikapiga magoti pembeni nikaita. Kabeya akajibu, sauti inatoka mbali lakini imetulia.

"Mulamu? Ni weye? Uwaambie bashike. Maji iko naingia."

"Imefika wapi?"

"Ku magoti."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtu anayecheka kabla ya kichekesho, sasa anahesabu pumzi zake.

Nikageuka kwa Papa Mwape. Nikamwambia maneno ambayo kila mmoja wenu angemwambia.

"Papa Mwape, ile ni filme tu. Bantu ba mu televizio. Hakuna muntu alikufa."

Aliniangalia kwa huruma kabisa, kama ninavyowaangalia wateja wanaosema simu iliharibika yenyewe.

"Na Helvek alikuwa nini? Haikukuwa filme? Nilizika jina, njo maana niko nasimama hapa." Akaonyesha shimo. "Minye namupenda Kabeya. Lakini niko na batoto saba. Ule mwenye kushika kamba ya mufu, anafwata."

"Eko muzima. Munamusikia."

"Weye njo ulituambiaka siku ya Mungu, mushuke na amani. Leo tutakusikilia tena juu ya nini?"

Nilijaribu kuivuta kamba peke yangu. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikateleza, nikaanguka kifudifudi kwenye tope. Mimi ni mtu wa kuchaji simu, wakuu. Kabeya ni kilo tisini. Depo alipiga hatua moja kuja kunisaidia, Papa Mwape akamshika bega.

Pale chini, uso umejaa tope, hasira ikanijia. Hasira na wale walioandika serie, na huyo wa Lubumbashi, na mimi mwenyewe zaidi. Na ndani ya hasira nikakumbuka kitu.

Nikasimama.

"Papa Mwape. Mutoto wako wa kwanza, jina yake nani?"

"Mwape. Jina ya nkambo yake," yaani babu yake.

"Kama Mwape mingine anakufa kule Buluo, utamulilia mutoto wako?"

"Kwa nini nimulilie? Ule wa Buluo haiko majina yake. Majina yake ni nkambo."

Huku kwetu mtu unayechukua jina lake tunamwita majina yako, na yeye ndiye mliyefungwa pamoja. Wengine wote wenye jina hilo ni wapita njia tu. Hata mtoto anajua.

"Sawa. Na Kabeya, nani alimupatia jina ya Tovar?"

Depo akasema polepole, "Ni weye."

"Wakati nilimupatia, Tovar alikuwa alisha kutokea mu televizio?"

Wakaangaliana. Walikumbuka. Walikuwa wamemcheka Kabeya wiki nyingi kwamba amepewa jina la mtu asiyekuwepo.

"Nilimutosha humu." Nikatoa kitabu kwenye plastiki. "Majina ya Kabeya ni huyu wa mu buku. Ule alikufa ni mwingine, banamwitaka vile tu. Na huyu wa mu buku, hii siku ya kamba, alitoka."

Papa Mwape akanyoosha mkono. Hasomi Kifaransa, lakini alikishika, akakigeuza, akanirudishia.

"Soma."

Nikasoma. Mvua inanyesha juu ya turubai, nasoma Kifaransa kimoyomoyo na kuwatafsiria kwa sauti. Mlima ulivyotikisika. Wanaume walivyoangaliana. Mzee alivyokaa chini na kuifunga kamba mguuni. Nilipofika hapo nikarudia mstari. Sikuongeza neno. Mara nyingi naongeza, siku ile sikuthubutu.

"Wakamvuta, akatoka, na chumvi mdomoni."

Papa Mwape hakusogea bado.

"Na mu buku ya mwisho? Kule ku mwisho kabisa, anaishi?"

Kutoka shimoni Kabeya akasema, "PDG, ku kiuno."

"Anaishi," nikasema.

Wakuu, hapa ndipo ile sehemu niliyosema nitachelewa.

Haishi.

Kitabu cha tano, sura ya pili kutoka mwisho. Tovar anashuka mara ya mwisho, mzee sasa, kwa ajili ya wajukuu wa wale waliomvuta. Wanasubiri. Wanavuta kamba, nayo inakuja nyepesi, haina mtu. Hakuna mkuki, hakuna zimwi. Kurasa nne tu. Nilipozisoma mara ya kwanza, kabla ya serie, kabla ya timu, nilikaa na kitabu mapajani hadi chai ikapoa.

Nilijua nilipompa Kabeya jina. Niliona ni jina zuri vilevile, nani angefika kitabu cha tano? Nilijua nilipomjibu Odile kwenye maharage. Nilijua pale mdomoni mwa shimo. Tangu mwanzo nimekuwa nikiwalaani watu wa serie kwa kubadilisha kitabu, kumbe nilishakibadilisha kabla yao.

Papa Mwape akakaa chini kwenye tope. Akachukua kamba akaizungusha mguuni mwake mara mbili, kama yule mzee. Sijui kama alifanya kwa kujua. Kisha wote wakashika, na mimi nikashika nyuma yao.

Ilichukua muda mrefu. Aliteleza mara mbili na kamba ikatukata mikono. Kisha kikaonekana kichwa, kisha mabega. Akalala kwenye magogo anahema, mwekundu wa tope mwili mzima.

Akanitazama.

"Mulamu," akasema, "boutique uliacha na nani?"

Nililia, sioni haya kusema. Wakadhani ni mvua.

Odile hatukumwambia. Alijua jioni hiyohiyo, mji wetu ni mdogo. Alikuja hadi mlangoni kwangu, akasimama, akanishika mkono wenye malengelenge ya kamba, akaondoka.

Mngesema basi, yameisha. Hayajaisha.

Kwanza, Kabeya amekataa kuzika jina. Anasema wa kwake ni wa kitabuni na wa kitabuni yu hai. Anashuka wa kwanza na kupanda wa mwisho, kwa kujiamini ambako hakuwa nako zamani. Papa Mwape anamwacha kwa sababu ana majina yasiyokufa.

Pili, ameanza kusoma.

Alikuja akaniomba kitabu cha kwanza. Kifaransa chake ni cha shule ya msingi, anasoma kidole chini ya mstari, midomo inatembea. Nilidhani atachoka ukurasa wa kumi. Hakuchoka. Maneno magumu anamuuliza Odile. Sasa ni miezi mingi. Amemaliza cha kwanza, cha pili, cha tatu alikisoma mara mbili. Yuko katikati ya cha nne.

Mwezi uliopita nilichukua wembe. Nilijifungia ndani mchana, nikatoa kitabu cha tano rafuni nikiwa nimeshaamua. Kurasa nne. Nani atajua?

Nilifungua sura ya pili kutoka mwisho.

Zilikuwa zimeshakatwa. Kwa uangalifu sana, karibu kabisa na mshono, kazi ya mtu aliyezoea kukata karatasi za darasani. Pembeni alikuwa amepaka gundi kidogo ili kitabu kisifunguke chenyewe penye pengo.

Kwa hiyo Odile alijua. Sijui tangu lini. Pengine alijua hata siku ile ya maharage, aliponiuliza bila kuniangalia, nami nikamdanganya, naye akaupokea uongo wangu kwa sababu ndio aliokuja kuutafuta. Hatujaongea. Tunapishana uani tunasalimiana kuhusu maji na mkaa.

Nilikirudisha rafuni.

Somo nililolipata? Zamani nilidhani wanaobadilisha vitabu ni watu wa fedha tu, wasioheshimu mwandishi. Wapo hao. Lakini wengine wanabadilisha kwa sababu kuna mtu wanayempenda upande wa pili wa hadithi, na hawawezi kumsomea ule ukurasa. Na wengine, kama yule wa televisheni aliyeachia kamba, sidhani hata walifikiri kama kuna mtu ananing'inia. Tangu siku ile, mtu akiniuliza hadithi, namwambia chukua kitabu kasome mwenyewe. Kwa Kabeya tu ndiko nimechelewa, uongo wangu ulishatangulia.

Sasa nahitaji akili zenu. Namba za kurasa zinaruka, ataona. Akiona atauliza. Nimwambie ukweli nimwondolee lile jina, ashuke shimoni akiwa na woga kama zamani? Au ninyamaze, aendelee kushuka na ujasiri tuliomkatia kwa wembe? Mwenye ndugu machimboni anielewe kwanza kabla hajanihukumu. Anasoma kurasa kumi kwa siku, Jumapili ishirini.

Karibuni mseme, hata kwa ukali. Ila naomba mtu asiniandikie kwamba ni hadithi tu. Hilo nililisema mwenyewe pale kwenye mvua, kwa sauti, na hakuna aliyeshika kamba.